Kumsuka Binti Mdogo Bila Machozi: Njia, Mabutu, Moyo na Shanga

Wahenga wamesema ukitaka uzuri sharti udhurike. Nimeisikia methali hiyo tangu udogoni, nimekaa mkekani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya shangazi, machozi yanachuruzika na mkono wake haulegei. Mtu mzima akiamua kuvumilia, hayo ni yake. Mtoto wa miaka mitano hajaamua kitu. Amekalishwa chini, akaambiwa "tulia mama, tunamaliza", na saa tatu zimepita bado hamjamaliza.

Nasuka watoto barazani kwangu Mbagala, Dar es Salaam. Mwongozo huu nawaandikia akina mama, dada na shangazi, na akina baba pia, maana wapo wanaobaki na mabinti zao nyumbani na wanataka kujua. Nitaanza na kuandaa nywele, kisha mkono wenyewe wa kusuka, kisha mitindo ambayo watoto wananijia wakiitaja kwa majina: njia za nyoka, mabutu ya maumbo, moyo, konokono, na shanga. Yote inasukwa kwa nywele za mtoto mwenyewe, bila rasta, yaani nywele za bandia za kuongezea.

Sababu ya kuikwepa rasta ninayo. Mpwa wangu alipokuwa na miaka sita nilimpeleka saluni moja mjini siku mbili kabla ya Idi, kwa kuwa mimi nilikuwa na foleni ya wateja. Wakamsuka rasta nyembamba, zimekazwa mpaka nyusi zimepanda. Kila aliyemwona alimsifu. Usiku hakuweza kuweka kichwa kwenye mto, akalala amekaa, ameniegemea. Siku ya tatu kwenye panja pakatoka vipele vyenye ncha nyeupe, na tulipofumua, nywele za mbele zikatoka pamoja na rasta. Zilichukua karibu mwaka mzima kurudi, na upande wa kushoto hadi leo ni nyepesi.

Baada ya hapo nikaanza kuwatazama watoto wenyewe wanapojiangalia kwenye kioo. Hawahangaiki na urefu wa nywele wala wembamba wa misuko. Wanafuatisha njia kwa kidole, zinapopinda na zinapokutana. Wanahesabu rangi za shanga. Wanatikisa kichwa wasikie zinavyogongana. Mambo yote hayo hayataki kuvuta nywele hata kidogo, yanataka mkia wa kitana na mkono uliotulia.

Andaa nywele siku moja kabla

Kuosha na kusuka kwa mkao mmoja kunamchosha mtoto kabla kazi haijaanza. Mimi huosha jioni, nasuka kesho yake asubuhi akiwa ameshakunywa chai.

Vifaa si vingi. Uwe na chanuo lenye meno mapana, kitana chenye mkia mwembamba, vibanio vinne hadi sita, chupa ya kupulizia maji, kondishena yoyote unayoimudu, mafuta ya nazi, na rababendi ndogo laini za rangi. Zile rababendi za kufungia noti usizipeleke kichwani mwa mtu. Zinang'ang'ania nywele, na siku ya kuzitoa zinaondoka nazo.

Nywele za kipilipili zinajifunga zenyewe, na hapa ndipo machozi mengi yanapoanzia, kabla hata ya msuko. Kosa ni kuchana kuanzia kwenye ngozi kwenda nje. Fanya hivi:

1. Gawa kichwa mafungu manne: njia moja kutoka paji la uso hadi kisogoni, nyingine kutoka sikio hadi sikio ikipita utosini. Bana matatu, bakiza moja.
2. Lipulizie maji fungu hilo mpaka lilainike, kisha paka kondishena kwa vidole. Vidole vitakutana na mafundo kabla ya chanuo, na fundo unaloweza kulifungua kwa vidole usilipeleke kwenye chanuo.
3. Shika fungu katikati kwa mkono wa kushoto, ukaze hapo ulipolishika. Chana ncha tu. Kwa kuwa mkono wako umekaza katikati, mvuto unaishia mkononi mwako, haufiki kichwani kwa mtoto.
4. Panda juu kidogo kidogo, kama upana wa vidole viwili kila mara, mpaka ufike kwenye ngozi.
5. Lisokote fungu au lisuke msuko mmoja mkubwa, uende kwenye fungu linalofuata.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoirudia kwa kila mama anayenijia. Jaribu mwenyewe kichwani kwako, shika fungu katikati na uvute ncha kwa nguvu. Hutasikia kitu.

Ukimaliza, suuza kondishena, paka mafuta ya nazi kidogo, mwache alale na ile misuko minne mikubwa. Asubuhi nywele zitakuwa zimenyooka kiasi na zina unyevu kwa mbali, na hivyo ndivyo zinavyotakiwa. Usisuke nywele zinazochuruza maji. Nywele mbichi hunyooka, zikikauka hujikunja na kurudi, na msuko uliokuwa sawa saa nne asubuhi unakuwa umekaza ikifika usiku bila wewe kuuongeza nguvu yoyote.

Ukiwa unafanya hayo yote, nikuombe jambo moja zaidi: tazama ngozi ya kichwa vizuri kwenye mwanga wa jua. Ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatika juu yake, hayo huenda ni mapunye. Ni fangasi, yanaambukiza kwa kitana, kofia na taulo, na yakiwa kichwani kwa kawaida mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, anahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Ahirisha kusuka. Na kitana cha mtoto mmoja kisihamie kwa mwingine kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, hata kama ni mtu na dada yake.

Mkono wa msuko

Msuko wa kawaida wa mafungu matatu karibu kila mtu anaujua. Kinachowashinda wengi ni msuko wa kulala, ule unaotembea juu ya ngozi. Kwa kina bibi wa pwani kusuka nywele na kusuka ukili wa mkeka ni neno moja, na mkono nao unafanana: unashika, unapitisha, unaongeza jani jipya kabla la zamani halijaisha.

Anza na njia moja iliyonyooka kutoka paji hadi kisogo. Ndiyo twende kilioni, msuko wa haraka ambao jina lake linaeleza mambo yote: msiba umetokea, hakuna muda wa madoido, rudisha nywele nyuma twende. Kenya utasikia wakiita matuta, na ukiyatazama matuta ya viazi shambani utaona kwa nini.

Chora njia mbili zinazokwenda sambamba kwa ncha ya mkia wa kitana, upana kati yake uwe kama kidole gumba chako. Bana nywele za pembeni zisiingiliane. Kwenye paji, acha malaika, zile nywele laini za mwanzo kabisa, zibaki huru. Anzia nyuma yake kidogo. Chukua nywele chache, kiasi cha unene wa njiti tatu za kiberiti, zigawe mara tatu.

Fungu la kulia lipite chini ya la kati, sasa lenyewe ndilo la kati. La kushoto nalo lipite chini, liwe la kati. Hapo umeshafunga kichwa cha msuko. Kuanzia sasa, kila fungu linapopita chini kuingia katikati, kidole chako cha shahada kinachota nywele kidogo kutoka kwenye ngozi na kuziunganisha nalo. Kulia, chota. Kushoto, chota. Kiasi unachochota kiwe kilekile kila mara, maana ukichota nyingi hapa na chache pale, msuko unakuwa na mabonde.

Mikono ilale. Wanaoanza huinua mikono juu kama wanaochota maji kisimani, na msuko unanyanyuka kutoka kwenye ngozi, halafu wanauvuta kwa nguvu ili ushuke. Weka vidole vya mwisho viguse kichwa, uusukume msuko mbele kufuata njia uliyoichora. Mkono unaolala hauhitaji kuvuta.

Ukishasuka misuko miwili tu, simama uangalie. Je, ngozi pembeni ya msuko imeinuka vivimbe vidogo kama ya kuku aliyenyonyolewa? Umekaza. Mwambie mtoto apandishe nyusi, kisha acheke. Akikunja uso, umekaza. Fumua hiyo miwili mara moja. Ni dakika tano zako, na msuko uliokazwa haulegei kwa kupakwa mafuta kama wengi wanavyoamini. Maumivu ya kichwa, vipele kwenye mashina, na nywele kunyofoka kwenye panja vinatokana na huo mvuto, na ukirudiwa miaka na miaka, nywele za mbele zinaweza zisirudi tena.

Njia za nyoka

Huu ni twende kilioni uleule, umebadilika njia tu. Chora njia kwa kwenda kulia upana wa kidole, kisha kushoto, kisha kulia, mpaka kisogoni. Tumia mkia wa kitana, usiinue mkono kwenye kona, geuza kiganja tu. Ukimaliza moja, nyingine ifuate ya kwanza kwa umbali uleule. Msuko wenyewe unausuka ukiwa umenyooka, kona zinabaki kwenye ngozi, na jicho linaona nyoka.

Kwa mtoto asiyeweza kukaa zaidi ya nusu saa, chora nyoka mmoja tu katikati ya kichwa, gawa pande mbili, kila upande suka misuko mitatu minene. Inapendeza na inaisha haraka.

Mabutu ya maumbo

Mabutu, kila fungu kubwa likisimama peke yake, ndiyo mtindo ninaowashauri wanaoanza, hasa kwa mtoto wa miaka mitatu au minne. Hakuna msuko wa kulala. Kazi yote iko kwenye kuchora.

Gawa kichwa kwa miraba kama sakafu ya vigae: mitatu mbele, mitatu katikati, mitatu nyuma. Ukitaka kuleta uhai, safu ya pili isikae sawasawa na ya kwanza, isogee nusu, kama mafundi wanavyopanga tofali ukutani. Au gawa kwa pembetatu, mbili zikitazamana kila mara. Kila fungu lifungwe rababendi mara mbili, si mara nne, na liache pengo dogo kati ya rababendi na ngozi. Kutoka hapo una uhuru. Unaweza kulisuka mafungu matatu na kuliacha lining'inie. Unaweza kulisokota mpaka lijizungushe na kukaa kama kitunguu. Unaweza kuliacha lifumuke kama ua.

Kuna ufundi mmoja wa kuunganisha: chukua fungu la mstari wa mbele lililofungwa, lilaze nyuma, ligawe mara mbili kama mkia wa mbayuwayu, nusu iende kwa jirani wa kulia wa safu ya pili na nusu kwa wa kushoto. Funga pamoja na nywele za huko. Endelea hadi kisogoni. Utaona wavu kichwani, kama ule wa wavuvi, na mtoto hajavutwa popote. Watoto wa mtaani kwangu wanauita "wavu", na siku za karibuni ndio wanaouomba kuliko yote.

Moyo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu moyo ndio unaowafanya watu waulize nani kakusuka.

Usiuchore kwa macho. Chukua boksi tupu la majani ya chai, kata kipande, kikunje katikati, chora nusu ya moyo kwenye mkunjo, kata. Ukifungua una moyo uliolingana pande zote, urefu kama sentimita saba kwa mtoto wa miaka sita hivi. Ninao mmoja nimeuhifadhi miaka, kingo zimepata mafuta mpaka zimekuwa kama plastiki.

1. Chana nywele zote zirudi nyuma, zilale. Weka moyo wa boksi upande mmoja wa kichwa, juu ya sikio, ncha ikitazama nyuma ya sikio. Mwambie mtoto aushike kwa kidole. Anapenda kupewa kazi, na mkono wake ukiwa na kazi kichwa nacho kinatulia.
2. Pitisha mkia wa kitana kuzunguka kingo za boksi polepole, ukitenganisha nywele za ndani na za nje. Anzia kwenye bonde la juu, shuka upande mmoja hadi ncha, rudi kwenye bonde, shuka upande wa pili.
3. Ondoa boksi. Nywele za nje zichane kwenda mbali na moyo, zibane pande zote kwa vibanio. Nywele za ndani zifunge kwa muda na rababendi moja. Sasa ukiwa na ncha ya kidole chenye mafuta kidogo, pita kwenye njia uliyochora. Ngozi itang'aa na moyo utaonekana.
4. Kwa anayeanza, ishia hapo: nywele za ndani ziwe butu moja katikati ya moyo. Imetosha, na inapendeza.
5. Kwa mwenye mkono, fungua nywele za ndani, chora njia kutoka kwenye bonde hadi ncha, upate nusu mbili. Kila nusu isuke msuko mmoja wa kulala, ukianzia kwenye bonde, ukipanda na kuzunguka nundu ya moyo, ukishuka hadi kwenye ncha. Kwenye nundu chota zaidi kutoka nje na kidogo kutoka ndani, la sivyo msuko utakata kona. Misuko miwili ikikutana kwenye ncha iunganishe iwe mmoja, funga.
6. Nywele zilizobaki, za mbele zisuke zikipita juu ya moyo kwenda nyuma, za chini zizungushie nyuma ya sikio. Msuko wowote usikatize ndani ya moyo.

Mara ya kwanza itakuchukua zaidi ya saa moja. Mimi sasa ni kama dakika hamsini kichwa kizima. Ukiona nundu moja imekuwa kubwa kuliko mwenzake, usifumue. Pitisha mkia wa kitana, hamisha nywele chache kutoka upande mmoja kwenda mwingine, njia itajirekebisha.

Konokono

Msuko mmoja tu, unaoanzia nyuma ya sikio, unazunguka kichwa chote, unaingia ndani, unazunguka tena, mpaka unaishia utosini. Upana wa njia uwe vidole viwili vya mtu mzima. Usichore mzunguko wote kwa pamoja, chora robo, suka robo, la sivyo nywele zitarudi na njia itapotea. Hapa mtoto ndiye anayezunguka, wewe hubanduki kwenye kigoda. Mzunguko wa kwanza unapita karibu na malaika za mbele na panja, sehemu dhaifu kuliko zote kichwani, kwa hiyo usogeze ndani upana wa kidole na usuke kwa mkono mwepesi kabisa.

Shanga

Mtoto wa chini ya miaka mitatu asivae shanga kichwani. Msuko mmoja ukifunguka, shanga inaingia mdomoni, na inaweza kumkaba. Kwake tumia utepe wa kitambaa. Tena kwa mtoto mchanga ambaye utosi bado ni mlaini, yaani hadi karibu mwaka na nusu, misuko ya kulala iache kabisa.

Kwa wakubwa, nunua shanga za plastiki zenye tundu pana. Za kioo zinapendeza lakini ni nzito, na uzito nao unavuta. Kariakoo zinauzwa kwa pakiti za rangi mchanganyiko, na ukifika nyumbani mpe mtoto sahani azichambue rangi kwa rangi. Fanya hesabu mapema: misuko 14 kwa shanga nne nne ni shanga 56, na hakuna kinachomuuma mtoto kama msuko wa mwisho kukosa shanga ya bluu.

Kuzivisha, kunja uzi mnene wa kushonea upate kitanzi. Pitisha shanga nne kwenye uzi uliokunjwa, kitanzi kikining'inia upande wa pili. Ingiza ncha ya msuko ndani ya kitanzi, vuta uzi, na shanga zote zitateleza kwa pamoja kupanda kwenye nywele. Kisha kunja ncha ya msuko juu kuelekea shanga ya mwisho, zungushia rababendi ndogo mara tatu. Funga na nyingine juu ya shanga ya kwanza, zisipande.

Ukishazivisha, usimkataze kuzitikisa.

Akiwa amekaa

Kiti chako kiwe juu kuliko chake, taulo mabegani, mwanga utokee upande wako. Mpe kitu mkononi. Mimi hupenda vitendawili, na hiki hakikosi kamwe: "Shamba langu kubwa, lakini mavuno yake hayajazi kiganja." Wanataja mpunga, mtama, mchicha, na jibu liko mikononi mwangu. Kila baada ya dakika ishirini asimame, akojoe, anywe maji. Akilia, acha. Nimewahi kuwarudisha watoto nyumbani wakiwa na nusu ya kichwa kimesukwa na nusu mabutu, tukamalizia kesho, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Kabla hujaanza moyo au konokono, ulizia shuleni. Shule nyingi za msingi za serikali hapa Tanzania zinataka nywele fupi, na baadhi ya shule zinaruhusu twende kilioni tu, bila shanga wala rangi. Ndiyo maana foleni yangu hujaa mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, likizo zikianza, na wiki za Idi na Krismasi. Siku nyingine zote mitindo yangu ni ya Ijumaa jioni inayofumuliwa Jumapili.

Rasta, kama ni lazima

Mtoto wa kushika maua harusini, ngoma ya shule, picha ya familia. Wazazi wananiomba na siwezi kukataa kila mara. Masharti yangu ni matatu. Mtoto awe amefika angalau miaka minane. Rasta iloweshwe usiku kucha kwenye maji yenye siki kidogo, isuuzwe na kukaushwa, maana zile ambazo hazijaoshwa huwawasha wengine. Na misuko iwe minene, michache, isiyopita mabega. Ncha sizichovyi kwenye maji ya moto mtoto akiwa amekaa karibu. Nazifunga kwa rababendi. Dawa ya kulainisha nywele simtii mtoto, hata mama aje na kopo lake mwenyewe.

Usiku na kufumua

Akilala mfunge kitambaa cha satini, au mlaze kwenye foronya ya satini kama kitambaa anakivua usingizini. Kanga ya pamba inanyonya mafuta, lakini ni afadhali kuliko kichwa kitupu kwenye godoro. Shanga zikusanye nyuma zifungwe pamoja ili asizilalie. Asubuhi pulizia maji kidogo kwenye njia, si kwenye msuko wote, pitisha tone la mafuta.

Misuko ya kulala ikae wiki mbili. Mabutu siku nne au tano. Wanaoacha mwezi mzima hukuta nywele zimeshikana kwenye mashina kama sufu, na kuzichambua ndiko kunakozikata.

Kufumua anza kwenye ncha kwa vidole au mkia wa kitana, msuko mmoja baada ya mwingine, ukipulizia maji yenye kondishena. Usikate ncha kwa mkasi ili uende haraka. Huwezi kuona nywele zinaishia wapi. Utatoka na donge la nywele mkononi na utashtuka. Usishtuke: mtu hupoteza kwa kawaida nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na za wiki mbili zote zilinaswa humo ndani. La kutazama ni panja na paji. Kama pamepungua, au mashina yana vipele, mtindo unaofuata usiwepo. Mwache na butu moja au mawili yaliyolegea kwa wiki kadhaa, na pasipopona mpeleke kwa daktari wa ngozi.

Hata akiwa salama, mpumzishe wiki moja kabla ya kusuka tena. Shanga zioshe kwa sabuni, zianike kwenye sinia juani, uzirudishe kwenye makopo yake rangi kwa rangi.